Mashine Iliyotasiwa

Jua lilikuwa linazama upande wa Mwatate Titus alipofika stendi ya Voi kuchukua kifurushi chake. Kilikuwa kifurushi kidogo, ungekitia mfukoni ukakisahau. Ndani yake mlikuwa na kibomba cha dawa ya kijivu ambayo mafundi wa kompyuta huiita paste, ya kupaka kati ya prosesa na feni yake ili joto lipate njia ya kutoka. Karani wa basi alimkabidhi na kumtakia jioni njema. Miguu ya Titus ilikuwa imeshageuka kurudi nyumbani.

Watu wa mtaa wa Mwakingali walimjua Titus kama mpiga video. Harusi, ubatizo, mazishi. Mazishi zaidi. Alikuwa akirekodi tangu jeneza linapotoka mochari mpaka shada la mwisho linapowekwa, kisha akirudi nyumbani kuzikata na kuziunga video hizo kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, hata kasha lake lenye ubavu wa kioo alilichagua yeye. Ilikuwa mashine nzuri. Shida ni kwamba nzuri haikumtosha. Aliingia kwenye mipangilio yake ya ndani akailazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani, mambo ambayo wenyewe huyaita kuoverclock, na tangu siku hiyo hakuonja amani. Mashine ingekimbia vizuri kidogo, halafu skrini inakuwa bluu. Au inaganda. Au inajizima yenyewe bila kuaga.

Fundi mwenye akili hutafuta kosa kwa kubadilisha kitu kimoja tu, anapima, kisha anabadilisha kingine. Titus alikuwa na akili hiyo. Alipunguza volti, akaongeza volti. Alichomoa memori moja, akairudisha, akachomoa ya pili. Aliazima power supply, kile kisanduku cha kulishia mashine umeme, ya rafiki yake Sylus. Kila mara aliwasha ile programu ya kuipima, inayoibebesha prosesa mzigo mfululizo mpaka ioneshe udhaifu wake, na kila mara mashine ilianguka. Mtu mwingine angeirudisha kwenye kasi ya kiwanda akalale. Lakini Titus ukimwambia hapana, yeye husikia bado.

Alipofika nyumbani, mama yake, Jedidah, alikuwa ameketi barazani, akijipepea na kipande cha katoni.

Jedidah hakuwa mtu wa Voi. Alikuwa mtu wa Mghange, kule juu karibu na kilele cha Vuria, ambako ukungu huingia jikoni bila hodi na watu hulala na sweta. Mumewe alipofariki, Titus alimteremsha aje akae naye huku chini, na tangu siku ya kwanza joto la Voi lilimwonea. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, arudishwe nyumbani siku moja, aone shamba, apalilie kaburi la mumewe, ashinde huko na ashuke jioni. Titus alimwahidi Jumamosi. Jumamosi ilipofika, mashine ikaharibika. Akamwahidi ile nyingine. Kila Jumamosi mama alikuwa akiamka mapema, akivaa viatu vyake vyeusi vya kanisani na kuketi barazani mpaka saa sita, kisha akivivua kimya kimya na kwenda kuchagua mchele. Siku hizi alikuwa ameacha hata kuuliza.

"Umerudi na dawa yake?" alisema.

"Nimerudi nayo, Mama. Leo inaisha hii mambo."

"Haya."

Mbinya, mkewe Titus, alikuwa bado kazini. Alikuwa muuguzi katika kliniki moja mjini, Mkamba mwenye maneno machache na mikono isiyotetemeka. Kwa hiyo Titus hakuwa na wa kumwambia ale kwanza. Aliingia chumbani, akafungua kasha, akapangusa paste ya zamani, akapaka mpya, akafunga feni, akawasha. Akaketi kutazama nambari za joto zikipanda kwenye skrini.

Sitini. Sabini. Themanini na tano.

Bluu.

Titus aliipiga meza ngumi mpaka kikombe kikaanguka. Alitukana, tena tusi la nguoni, ambalo mwana hatoi mama yake akiwa karibu. Halafu akaweka kichwa juu ya mikono yake na kubaki hivyo.

Mlango ulifunguka pole pole. Jedidah alisimama na gilasi ya juisi ya miwa mkononi.

"Wacha niitasie," alisema.

Kutasa ni jambo la Wadawida, watu wa milima ya Taita. Mzee hujaza mdomo pombe ya miwa, au juisi yake tu kwa waliookoka, akaipuliza nje kama mvua nyepesi huku akiomba heri. Babu zao walitasia wagonjwa, mbegu, safari na maharusi. Siku hizi wengi wanaona haya kulitaja mbele ya mchungaji, lakini hawajalisahau. Titus alicheka bila kuinua kichwa.

"Tasa tu, Mama. Kila kitu kingine nimejaribu. Lakini usinilowanishie bodi."

Alifunga kioo cha kasha na kuiwasha tena. Jedidah aliinua gilasi, lakini hakunywa. Alisimama pale akimtazama mwanawe kisogo, kama mtu anayengoja kuulizwa kitu.

Akangoja.

Titus alikuwa anatazama skrini. "Mama, fanya haraka, imeshawaka."

Jedidah alijaza mdomo. Ffffuuu... Matone madogo yalitua juu ya kioo na kushikamana pale, yaking'aa. "Ipoe," alinong'ona. "Ipoe kama Vuria." Kisha akachukua gilasi yake na kutoka, akishika ukuta.

Joto likaanza kushuka.

Titus aliliona na kufikiri ni paste. Sitini, hamsini, arobaini, huku programu ya kupima ikiendelea kuitesa prosesa bila huruma. Alishangilia, akapiga makofi peke yake. Ikafika thelathini. Ikafika ishirini. Hapo makofi yakamwisha, kwa sababu feni ni feni tu, haiwezi kupoza kitu kuliko hewa inayoivuta, na hewa ya chumba kile ilikuwa inamtoa jasho hadi kwenye kope. Nambari ikasimama kumi na moja. Alijiambia kipimo kimeharibika. Akafungua kioo na kugusa chuma kilicho juu ya prosesa.

Kilikuwa baridi. Kilikuwa kimefanya umande.

Na ndani ya kasha mlitoka harufu aliyoijua tangu utotoni, ya udongo wa mlimani uliolowa ukungu, na utamu wa miwa juu yake. Angeacha hapo, angezima, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyetafuta uthabiti wa mashine kwa muda wote ule haizimi ikiwa thabiti. Aliifunga, akaiacha ikimbie, akaenda kulala akitabasamu.

Asubuhi Mbinya ndiye aliyemwamsha.

"Titus. Mama anaomba blanketi."

"Blanketi?"

"Anasikia baridi. Njoo umguse."

Jua la Voi lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Jedidah alikuwa amejikunja kitandani na leso mbili na shuka, midomo imemkauka, mikono yake baridi kama jiwe la mtoni. Hakuwa na homa wala kikohozi. Mbinya alimwekea sikio mgongoni akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akainua macho na kutazama ukuta, ule uliotenganisha chumba hicho na cha kompyuta.

"Sikiza hiyo feni yako," alinong'ona.

Titus alisikiliza. Feni za kompyuta huvuma mfululizo. Hii haikuvuma mfululizo. Ilipanda, ikashuka. Ikapumzika kidogo. Ikapanda tena.

Ffffuuu... ffffuuu...

Chini ya shuka, kifua cha mama yake kilipanda, kikashuka. Kikapumzika kidogo. Kikapanda tena.

"Ni wewe unafikiria tu," Titus alisema, na sauti yake mwenyewe haikumwamini.

Adhuhuri siku hiyo joto lilikuwa la kumfanya mbwa ahame kivuli. Jedidah alikuwa amejikongoja mpaka jikoni kuchagua maharagwe, akidai kukaa kitandani kunamzeesha. Titus alikuwa mbele ya skrini. Kumi na moja ilikuwa imeanza kupanda. Ishirini na tano. Arobaini. Themanini.

Bluu.

Jikoni, sinia ilianguka. Maharagwe yalitawanyika sakafuni.

"Titus! Hapumui! Titus!"

Kabla ya kukimbia, mkono wake ulibonyeza kitufe cha kuwasha mashine. Hakufikiri. Ilikuwa mazoea tu, mkono uliokwisha kuzoea kuinua kilichoanguka. Alifika mlango wa jikoni akamkuta Mbinya amepiga magoti, mikono miwili juu ya kifua cha mama, akisukuma na kuhesabu. Uso wa Jedidah ulikuwa wa kijivu, macho yake yakitazama dari bila kuiona.

Nyuma yao, chumbani, kompyuta ilitoa mlio wake mmoja wa kuamka.

Jedidah akavuta pumzi.

Titus aliteleza chini kwenye fremu ya mlango mpaka akakaa juu ya maharagwe. Alielewa, na moyo wake ulikataa kuelewa, na kati ya hayo mawili alianza kulia kama mtoto.

Walifanya yote ambayo mtu mwenye akili angefanya. Mbinya alimleta daktari wa kliniki yao, akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi, lakini alazwe aangaliwe. Wakamweka Jedidah kwenye gari. Gari halikufika barabara ya lami kabla midomo yake haijageuka rangi, na mkono wake ukawa unakwaruza kioo upande wa nyumbani. Mbinya aliyeyasomea mambo ya pumzi ndiye aliyepiga kelele gari ligeuzwe. Lilipoingia uani, mama akapumua.

Basi Titus alirudi kwenye kazi yake ya kutafuta kosa, na safari hii alikuwa akimtafutia mama yake. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aliteremsha kasi ya prosesa kidogo tu, huku Mbinya ameshika mkono wa mama mlangoni. "Mapigo yanapungua," Mbinya alisema. Akateremsha tena. "Titus, wacha. Wacha! Rudisha!" Akairudisha. Kasi ya kiwanda, ile ambayo kila mtu alimwambia airudishie mashine ikae salama, haikutosha kumweka mama yake hai. Ile kasi kubwa iliyomtosha ndiyo ambayo mashine haikuweza kuibeba. Alijaribu volti. Volti ikiongezeka kidogo, Jedidah alihema kama aliyepanda mlima. Ikipungua, aliishia katikati ya pumzi.

Na ile baridi ilikuwa inaondoka. Matone juu ya kioo yalikuwa yanakauka, na kila tone lilipokauka, nambari kwenye skrini ilipanda ikakaa juu zaidi. Walitundika mashuka mabichi madirishani. Walipanga mabeseni ya barafu mbele ya feni kubwa ya kusimama. Stima ilipokatika jioni moja na betri ya akiba ikapiga kelele zake, pii, pii, pii, Titus alikumbatia lile kasha kwa mikono miwili, akiliomba kwa sauti, mpaka taa ziliporudi. Mbinya alimwona akifanya hivyo na hakucheka.

Jambo baya zaidi ni kwamba mama alitaka kusema.

"Titus..." alikuwa akianza, na hapo hapo feni ingepanda, joto lingeruka, na skrini ingeanza kusitasita. "Mama, nyamaza! Tafadhali nyamaza!" Naye alikuwa akifumba mdomo na kumtazama. Yale macho yalimtesa Titus kuliko yote. Hayakuwa na ukali. Yalikuwa yale yale ya siku ya gilasi, ya mtu anayengoja kuulizwa kitu.

Mbinya ndiye aliyempigia simu Mama Tryphena, mdogo wake Jedidah, aliyebaki Mghange. Alifika Jumamosi, jua likielekea kutua, na muwa mmoja mrefu umefungwa kwenye gazeti. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzee wa kanisa, na hakuwa na haraka ya kuketi. Alimgusa dada yake paji la uso. Akaenda kusimama mbele ya kompyuta. Akanusa.

"Nani amemwaga ukungu wa kwetu humu?"

Titus alimweleza. Hakuficha tusi wala kicheko chake. Tryphena alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Kabla hajatasa, ulimuuliza?"

"Kumuuliza nini, Mama mdogo?"

"Moyo wake una nini."

Ndani ya kasha, feni ilipumua.

"Hukumuuliza," Tryphena alisema. "Mwanangu, nyinyi mnadhani kutasa ni kutema mate. Kutasa ni kutoa hasira. Anayetasiwa anauliza, moyo wako una nini. Mwenye kutasa anasema, hata kama ni neno dogo, hata kama ni aibu. Likishatoka ndio anapuliza. Mtu akitasa na moyo umefungwa, hasira haitoki. Pumzi ndio inatoka."

"Na ikitoka inaenda wapi?" Mbinya aliuliza.

Tryphena alitazama matone juu ya kioo. Yalikuwa yamebaki mawili.

"Sasa tufanye nini?" Titus alisema.

"Muulize."

"Akijibu mashine itaanguka. Kila akifungua mdomo inapanda. Itamuua!"

"Na usipomuuliza?"

Tone moja lilikauka wakiwa wanalitazama. Nambari ikaruka.

"Huko kwetu umewahi kuona hii?" Titus alinong'ona. "Mtu akapona?"

"Sijawahi kuona mtu ametasia chuma," Tryphena alisema. "Sitakudanganya."

Walimsogeza Jedidah kwenye kiti, wakamkalisha karibu na mashine, blanketi mabegani. Yeye mwenyewe aliashiria chumba chake, chini ya kitanda. Mbinya alielewa kabla ya Titus. Akamletea viatu vyeusi vya kanisani na kumvalisha. Tryphena aliutwanga muwa na kuukamua kwenye gilasi. Nje, giza lilikuwa linaingia na mwadhini wa mjini alikuwa ameanza.

Titus alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama," alisema. "Moyo wako una nini?"

Feni ikapanda.

Jedidah alitabasamu. Hebu fikiria, alitabasamu, kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha siku nyingi. "Uliniambia... Jumamosi."

"Ndiyo, Mama."

"Nikavaa viatu." Sabini. Themanini. "Kila Jumamosi... nikavaa viatu. Nikakuchukia, mwanangu. Hapo barazani. Nikakuchukia... halafu nikaona haya."

"Nisamehe. Nisamehe, Mama, kesho asubuhi tunaenda, hata sasa hivi tunaenda..."

"Gilasi!" Tryphena alisema. "Haraka, apulize!"

Jedidah alijaza mdomo. Mashavu yake yalivimba. Alimshika Titus kidevu kwa mkono ule baridi, akamwinua uso. Tone la mwisho juu ya kioo likapotea.

Skrini haikuwa bluu safari hii. Iliganda tu.

Ffffuuu...

Juisi ilimpata Titus usoni, nyepesi, tamu, ya baridi. Baada ya kupuliza kuna neno ambalo mwenye kutasa husema, neno la kufunga, kwamba limetoka na limekwisha. Titus alifumba macho akalingoja. Alisikia mwadhini. Alisikia barafu ikidondoka kwenye beseni. Alipofumbua macho, mkono ulikuwa bado kidevuni mwake, lakini mwenyewe hakuwapo.

Alibonyeza kitufe. Mashine iliamka. Mama hakuamka. Akabonyeza tena, na tena, mpaka Mbinya akaichomoa waya ukutani.

"Alisema?" Mbinya alimuuliza Tryphena, huku akimfumba mama macho. "Lile neno, alilisema?"

"Hakufika," Tryphena alisema. "Alikuwa anakuja nalo. Halijafungwa."

Jedidah alizikwa Mghange kando ya mumewe, katika ukungu mzito kiasi kwamba waombolezaji wa nyuma hawakuona kaburi. Alipelekwa nyumbani siku ya Jumamosi. Titus aligundua hilo wakati wa kuweka shada, akaangua kilio, na watu wakamshika. Alisikia baridi siku zote za matanga, lakini Mghange kila mtu husikia baridi, hakuna aliyeshangaa.

Sylus ndiye aliyerekodi. Aliporudi Voi alimpa Titus kadi ya kamera mkononi, akasema angeweza kuikata yeye mwenyewe video hiyo, si lazima.

"Tupa hiyo mashine," Mbinya alimwambia. "Titus, nakuomba. Tupa."

"Hii moja tu. Ya Mama. Nani mwingine ataikata vizuri?"

Aliirudishia waya ukutani na kuiwasha. Iliwaka mara moja. Alifanya kazi tangu asubuhi, akiliunga jeneza linalotoka mochari na jeneza linalopanda mlima, na mashine haikusita hata kidogo, kwa ile kasi kubwa aliyoitaka tangu mwanzo. Alipomaliza aliangalia joto kwa mazoea tu.

Kumi na moja.

Alikimbiza mkono kwenda kuizima. Kidole kiligusa kitufe, na kifua chake kikafungwa katikati ya pumzi, kama mlango uliopigwa komeo kutoka nje. Akaondoa kidole. Pumzi ikarudi.

Mbinya alirudi kutoka kazini adhuhuri, jua likichoma mabati, akamkuta Titus amejifunga lile blanketi la mama yake hadi shingoni mbele ya skrini. Kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na tone. Mbinya alilipangusa kwa kidole. Likabaki pale pale. Akalipangusa kwa leso yake, akalisugua. Lilinukia miwa.

Hakupiga kelele. Alimzunguka, akaweka sikio mgongoni mwake, na akasikiliza kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye feni. Titus alihisi machozi ya mkewe yakipenya blanketi.

Mbinya alipokuja kusimama mbele yake, alikuwa ameshika gilasi ya maji ya kutasia kwa mikono miwili, na hiyo mikono isiyotetemeka ilikuwa inatetemeka.

"Mume wangu," alinong'ona. "Moyo wako una nini?"

Titus alijua jibu. Lilikuwa ni lile blanketi, na viatu vyeusi chini ya kitanda, na mama aliyeweza kusema kwa midomo yake tangu Jumamosi ya kwanza akachagua kunyamaza. Lilikuwa hasira, na ilikuwa kubwa kuliko ile mama yake aliyoitaja, na hakujua ni ya nani kati yake na mama.

Alifungua mdomo.

Feni ikapanda.